Nilivyobeba Maji ya Shaba Kwenda Mutshatsha

Chupa zilikuwa mbili, za lita moja na nusu kila moja. Nilizifunga kwa kitenge nikazipakata tangu Kolwezi, na dereva wa lori la Fuso alizitazama mara mbili kabla ya kuniuliza kama nimebeba dawa ya mifugo. Maji yake yalikuwa ya kijani kizito, kijani cha malakiti ambayo kila mtoto wa Lualaba amewahi kuiokota njiani. Nikamwambia ni shaba iliyoyeyuka katika maji ya chumvi. "Mama, shaba hupita Mutshatsha kwenye treni, haishuki," akasema. "Hii yako inakwenda kufanya nini?" Nikamjibu kwamba inakwenda kuweka umeme, nyumbani kwa baba mdogo. Akanyamaza kidogo, akaingiza gia, tukaondoka.

Mimi ni mwalimu wa kemia Lubumbashi. Nimefundisha elektrolisisi miaka 14 kwa ubao na chaki, na sikuwahi kuvuka Kolwezi kuelekea magharibi. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akija kwetu. Alifanya kazi miaka 26 katika ukumbi wa elektrolisisi wa kiwanda kimoja cha shaba huko Kolwezi, na alipostaafu akarudi alikozaliwa, Mutshatsha. Mwaka jana alinipigia simu kunipa habari ya msiba mdogo: betri yake ya gari imekufa, na ni ya tatu. Paneli iko juu ya bati, jua lipo, lakini ikifika saa mbili usiku nyumba ni giza. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo haya," alisema. "Kwa nini betri inakufa na paneli haifi?" Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani, mwezi wa tisa, wakati wa vumbi.

Tulitoka Kolwezi alfajiri, tukapita vilima vya mabaki ya migodi, vingine vyeupe vingine vya rangi ya kutu, na nguzo kubwa za umeme zikatusindikiza kwa muda. Katika nchi yetu ya Kongo wachache wanaishi karibu na umeme mwingi kama watu wa Kolwezi. Mto Lualaba umezuiwa kwa bwawa la Nzilo tangu 1952, na mitambo ya Nseke ikaanza kuzunguka mwaka 1956, yote kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Mwaka 1982 ukaja waya kutoka Inga, karibu na mlango wa mto Kongo, waya wa kilomita 1,700 hivi unaovuka nchi nzima hadi Kolwezi. Umepita juu ya vijiji visivyohesabika ambavyo havikuambulia hata taa moja. Hata hivyo migodi inalia njaa ya umeme kila mwaka, inanunua Zambia, inachoma dizeli. Na mwaka 2024, ukame ulipolikausha bwawa la Kariba, Zambia wenyewe walikaa gizani. Mwezi wa tisa mito iko chini. Jua ndilo linalokuwa kali.

Baada ya saa moja nguzo zilikata kona kuelekea migodini, sisi tukaendelea na njia ya vumbi. Hapo ndipo nilipouona msitu wa miombo kwa mara ya kwanza nikiwa na muda wa kuutazama. Nilidhani majani ni ya kijani kila mahali. Kabla ya mvua miombo huchipua majani mapya mekundu, mekundu yanayong'aa kama waya uliomenywa, na msitu mzima ulikuwa katika rangi hiyo pande zote mbili za njia. Vichuguu virefu kuliko mtu. Magunia ya makaa yamesimama barabarani yakisubiri mnunuzi. Dereva, ambaye sasa alikuwa amezoea chupa zangu, alinionyesha upande ulipo mgodi wa Kamoa.

Nilikuwa nimesoma habari zake. Mwaka 2025 mgodi wa Kamoa-Kakula ulitia saini mkataba na kampuni ya CrossBoundary Energy wa kuletewa megawati 30 za jua zisizokatika mchana wala usiku. Ili upate megawati 30 za namna hiyo, mkataba unataka paneli za megawati 222 na betri za megawati-saa 526. Nilipoziona namba hizo mara ya kwanza nilizirudia kwenye karatasi. Paneli mara saba ya umeme unaotolewa! Sababu ni kwamba jua hufanya kazi saa chache, mashine hufanya kazi saa 24, na kilichobaki chote ni habari ya akiba. Mwenye paneli bila akiba ni kama mwenye shamba bila ghala: atakula vizuri mwezi mmoja.

Betri nyingi kubwa zinazojengwa duniani sasa ni za lithiamu, jamaa ya zile za simu. Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine, na nilimweleza dereva hivi, kwa kuwa safari ni ndefu na alikuwa ameuliza. Betri ya gari au ya simu ni mashine ya kusaga na ghala la mahindi vilivyofungwa katika sanduku moja. Ukitaka ghala kubwa zaidi, ni lazima ununue na mashine nyingine. Kuna betri ya aina ya pili, ya majimaji, ambayo imevitenganisha. Akiba inakaa ndani ya matangi mawili ya maji yenye madini. Mashine iko katikati, na pampu inayapitisha maji ndani yake. Unataka nguvu zaidi, ongeza mashine. Unataka umeme wa saa 10 badala ya 4, ongeza tangi na maji, basi. Wachina wamejenga moja mjini Dalian, ikaanza kazi mwaka 2022, yenye uwezo wa kutoa megawati 100 kwa saa 4. Na kwa kuwa ndani yake ni maji, haishiki moto. Dereva aliwaza. "Maji gani hayo?" akauliza. Nikazipapasa chupa.

Mutshatsha tulifika jua likiwa limeinama. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Kolwezi, na kilichoniambia kwamba tumefika ni reli. Mji umekaa kwenye reli kama ndege kwenye waya. Baba mdogo alikuwa amesimama njiani, fimbo mkononi, kofia ya zamani ya kazi kichwani. "Jambo yenu," akatusalimia wote kwa pamoja, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umefika kwenu, mama." Ndiyo mara ya kwanza kufika kwetu. Mama mdogo alikuwa ameandaa bukari na sombe na samaki wa kukausha, na hakuniruhusu kusema neno la kemia kabla sijanawa.

Usiku ule, taa ya koroboi katikati yetu, baba mdogo alinipa kwanza historia, maana mgeni hupewa historia. Alikuwa kijana wakati wapiganaji waliotoka Angola walipoingia hapa mwezi wa tatu 1977. Alikimbilia porini na mama yake, wakakaa huko mpaka jeshi la Rais Mobutu, likisaidiwa na Wamoroko, lilipourudisha mji mwezi uliofuata. Reli ya kwenda bandari ya Lobito ilikuwa tayari imekufa kwa vita vya Angola. Miaka mingi alisikia treni usingizini tu. Madini ya manganizi ya Kisenge, mbele huko upande wa Dilolo, yalilala chini miongo minne yakisubiri njia ifunguke. Sasa treni zinapita tena.

Kisha akaenda chumbani akarudi na ovaroli yake ya kazi. Aliinyoosha mbele ya koroboi na mwanga ukapita katika matundu madogo madogo, mamia, kama anga. "Ni asidi," akasema. "Pamba haistahimili. Wenye bahati walipewa za sufu." Nilizijua sababu za matundu yale kutoka kitabuni, lakini sikuwahi kuyashika. Katika ukumbi wa elektrolisisi matangi hupangwa kwa safu ndefu, yakiwa na maji ya asidi ya salfa yaliyobeba shaba, na ndani yake bamba zinapishana: katodi, anodi, katodi, anodi. Umeme ukipita, shaba inatoka majini na kujipaka kwenye katodi. Tani moja ya shaba hula yuniti 2,000 hivi za umeme. Na kwenye anodi ya risasi, maji yanapasuka, oksijeni inapanda kama mapovu, mapovu yanapasuka juu ya tangi na kurusha ukungu wa asidi. Ukungu huo unaingia kifuani na kutoboa nguo.

Hapo ndipo nilipouona mfano niliokuwa nautafuta njia nzima. "Baba mdogo," nikamwambia, "umeme uliokuwa unaingia kwenye tangi lako ulifanya kazi mbili. Upande mmoja uliacha shaba, na shaba ikauzwa. Upande wa pili ulitoa oksijeni, nayo ikapaa darini, haikurudi tena. Sasa fikiri tangi ambalo upande wa pili nao unaacha kitu ndani ya maji, kitu kisichopaa. Siku ukiunganisha waya za taa badala ya waya za SNEL, shirika la umeme, pande zote mbili zinarudi zilikotoka, na umeme unatoka nje."

Alikaa kimya muda mrefu. Mama mdogo alipunguza utambi. "Kumbe tulikuwa tunatengeneza nusu ya betri," akasema.

Nimerudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Nikamsimulia ilikoanzia. Katika miaka ya 1970 Lawrence Thaller wa NASA, Marekani, alijaribu chuma upande mmoja na kromiamu upande wa pili. Ukuta mwembamba unaotenganisha matangi mawili hauzuii kila kitu. Polepole chuma kiliingia kwa kromiamu, kromiamu ikaingia kwa chuma, na maji yakaharibika. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney, mama mmoja mwanakemia, Maria Skyllas-Kazacos, akaja na wazo ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko mengi ninayoyafundisha: weka madini yale yale pande zote mbili. Alitumia vanadiamu. Ina hali nne katika maji ya asidi na kila hali ina rangi yake, zambarau, kijani, buluu, njano. Betri ikiwa imejaa, tangi moja ni zambarau na la pili ni njano. Ikiisha, ni kijani na buluu. Na kama tone la upande huu likivuka kwenda upande ule, hakuna uchafu uliozaliwa. Umepoteza umeme kidogo tu, kwa kuwa vanadiamu imekutana na vanadiamu. Maji hayo hayo yanaweza kutumika miaka 20 bila kuchakaa, wala hakuna bamba la risasi linaloharibika, jambo lililoziua betri tatu za baba mdogo. Zile ziliuliwa na usiku: kila siku zilikamuliwa mpaka tone la mwisho, na bamba za risasi zikaota ganda gumu lisiloondoka.

"Vanadiamu tunayo?" akauliza. Inachimbwa Afrika Kusini, Uchina, Urusi, si yetu. Ndiyo maana nilibeba shaba. Kule Finland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto wameonyesha kwamba shaba nayo inaweza kusimama pande zote mbili, mradi maji yawe na chumvi nyingi ya kuishikilia katika hali yake ya katikati.

Asubuhi tukaanza kazi uani. Nilikuwa na waya wa shaba uliomenywa, chumvi ya jikoni, asidi ya betri kidogo, paneli ndogo ya kuchajia simu, mita ya volti, na vijiti vya kaboni nilivyovitoa katika mawe ya redio yaliyokwisha. Unga mweusi unaozunguka vijiti hivyo ni wa manganizi, nikamwambia mama mdogo, na akacheka kwamba Kisenge imekuja kututembelea. Tulitia waya ndani ya maji ya kijani tukayapasha moto juu ya makaa. Yaligeuka kahawia, kahawia nzito kama kahawa, kisha polepole yakaanza kung'aa mpaka yakawa karibu meupe kama maji ya mto. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa ukingoni. Mmoja alisema nimeosha shaba. Kwa kweli shaba ya kijani ilikuwa imekutana na shaba ya waya na zote mbili zimekuwa kitu cha katikati, kisicho na rangi. Hewa ikiyagusa maji hayo, ukijani unarudi, kwa hiyo tukamwaga tabaka jembamba la mafuta ya kupikia juu yake.

Ukuta wa katikati ndio ulionishinda. Karatasi ya chujio niliyoileta kutoka Lubumbashi ililoa na kuchanika mara moja, kisha mara ya pili. Mama mdogo alinitazama nikihangaika, akaingia jikoni, akatoka na vikombe vinne vidogo vya udongo, vya mfinyanzi wa hapo hapo, vilivyochomwa bila kupakwa kitu. "Hivi vinatoa jasho," akasema, "siwekei maji ya kunywa." Jasho ndilo nililolihitaji. Betri ambayo John Daniell aliibuni London mwaka 1836 ilikuja kutumia chombo cha udongo wa namna hiyo hiyo, na nilikuwa nimelisoma jambo hilo bila kufikiria jikoni kwa mtu. Kikombe cha kwanza nilikisuuza kwa maji ya kisima na nikakiharibu: maji yalipungua chumvi na unga mweupe wa shaba ukatua chini. Vikombe vingine tukavisuuza kwa maji ya chumvi.

Kikombe ndani ya kopo, maji yale yale ndani na nje, kijiti ndani, waya nje. Pampu hatukuwa nayo. Tulitundika chupa kwenye mwembe na kuyashusha maji ndani ya vikombe kwa mipira ya dripu ya zahanati, tone kwa tone, yakitoka upande wa pili kwenye chupa nyingine. Paneli ikashika jua saa nne. Saa sita maji ya vikombe yalikuwa kahawia. Saa nane yalikuwa ya kijani. Nje ya vikombe, kwenye waya, kulikuwa na shaba mpya, ya waridi, safi.

Nilipima. Kopo moja, volti 0.6 na kidogo. Ni ndogo, na vanadiamu ingetoa mara mbili yake. Maji yenyewe yameweka mpaka, ukizidi sana volti 1.23 unaanza kuyapasua kama kule kiwandani. Taa nyekundu ndogo inataka karibu 1.8. Baba mdogo hakusubiri nimwambie. Alikwisha kuchukua waya akaunga kopo la kwanza na la pili, la pili na la tatu, mkono wake ukienda bila macho. "Mfululizo," akasema. "Matangi yetu yote yalikuwa mfululizo." Taa ikawaka. Mchana mweupe, chini ya mwembe, nuru yake ilikuwa hafifu kiasi kwamba watoto walipaswa kuifunika kwa viganja ili waione, na walisukumana kwa zamu.

Iliwaka dakika 25. Baba mdogo hakuitazama taa. Alikuwa ameinama juu ya kopo la tatu, miwani puani, akiangalia waya. Shaba haikujipaka laini. Ilikuwa imeota vidole, vyembamba, vikielekea kwenye kikombe. "Miba," akasema. "Hii naijua. Ikigusa upande wa pili umeme unakata njia, bamba linachemka. Usiku tulikuwa tunapita na kuzitafuta kwa mkono, bamba la moto ndilo lenye miba. Na hii shaba inayojibandika hapa, mwanangu, si ghala lako limerudi ndani ya mashine? Waya ukijaa, utaongeza maji ya nini?"

Nilikaa chini. Ndicho kikwazo kikubwa cha betri za aina hii, iwe shaba au zinki: upande unaojenga metali ngumu, akiba inapimwa kwa ukubwa wa bamba, si wa tangi, na miba ni adui yake. Watu wameandika kurasa nyingi kufika hapo. Yeye alifika kwa kuinama. Nilimuuliza walifanyaje. Alisema walitia unga kwenye tangi, unga wa guar, gramu kwa tani, na shaba ikatulia kama uso wa maji; pia mwendo wa maji usilale, maji yakilala miba inaota. Niliyaandika yote. Niliandika pia jinsi walivyopanga mabomba ya plastiki yasiyoliwa na asidi, walivyogundua uvujaji kwa harufu, walivyojua kwa rangi ya maji kwamba shaba imepungua. Lualaba ina maelfu ya watu wenye ujuzi huo, wengine wamestaafu, wengine wako kazini usiku huu. Ina asidi ya salfa, ina pampu, ina watu wa kulehemu matangi, na ina jua. Na betri zote nilizoziona Kolwezi madukani zimetoka ng'ambo zikiwa zimefungwa, na zikifa hakuna anayezifungua.

Usiku wa mwisho treni ilipita. Tulikuwa uani, tuliisikia mbali kabla ya kuiona, kisha ikaja polepole, behewa baada ya behewa, mizigo imefunikwa, na ardhi ikatetemeka mpaka mafuta ndani ya makopo yakafanya viduara. Baba mdogo alihesabu mabehewa kwa sauti ya chini mpaka la mwisho likapita kuelekea Angola. Kisha akachukua fimbo na kuchora kwenye vumbi, kwa mwanga wa simu yangu. Duara mbili kubwa. "Haya ni mapipa ya lita 200, kwa fundi wa Kolwezi yapo, ya plastiki, yalibeba asidi." Katikati akachora bamba, nyingi, zimesimama kwa kupishana. Akafuta bamba za upande mmoja kwa kiganja, akazichora upya zikiwa na nafasi pana zaidi kati yake, kwa ajili ya miba.

"Pampu," akasema, "tafuta ya asidi, si ya kisima. Ya kisima italiwa wiki moja."

Niliandika: pampu ya asidi. Asubuhi nilimwachia vikombe vitatu vilivyobaki na mita ya volti, na yeye akanipa ovaroli, niipeleke darasani.